Ukihesabu Marangu, usidhani umehesabu nchi

Ndugu msikilizaji, mwezi Oktoba mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa na daftari moja ambalo halikuwa la somo lolote. Jioni tatu mfululizo nilikaa nalo pale Marangu Mtoni, mahali magari yatokayo Himo yanaposhusha abiria, nikimwuliza kila aliyepita: Shikamoo Mzee, shikamoo Mama, utamchagua nani awe Rais? Kwa kila jibu nilichora kijistari. Ukurasa wa Augustine Lyatonga Mrema ulijaa, nikafungua mwingine, nao ukajaa. Ukurasa wa Benjamin William Mkapa ulikuwa na vijistari visivyozidi vidole vya mikono yangu miwili, na baadhi ya waliomtaja walinijibu kwa kunong'ona. Profesa Ibrahim Lipumba na John Cheyo niliwapa ukurasa mmoja wachangie, na bado ulibaki mweupe.

Nilipomwonyesha baba mdogo, alifurahi kupita kiasi. Baba mdogo alikuwa karani wa kahawa katika chama cha msingi cha kijijini kwetu, mtu wa mizani na hesabu. Alilishika daftari langu kama ameshika matokeo yenyewe. "Mtoto amemaliza kazi ya Tume," alisema. Jioni ile akaenda nalo kilabuni kwenye mbege na kumwonyesha mzee mmoja tuliyemwita Meku wa Reli, kwa sababu alistaafu kazi ya ugadi wa treni. Mzee huyo alikuwa amesafiri reli ya kati miaka mingi, Dar es Salaam hadi Kigoma, Tabora hadi Mwanza.

"Meku, tazama," baba mdogo akamwambia. "Mtu wetu amekwisha kupita."

Mzee akavaa miwani, akafungua kurasa moja moja bila haraka. "Mwanangu, mtoto amehesabu vizuri," alisema. "Sasa ya Malampaka iko ukurasa gani? Na ya Bukene?"

"Meku, mambo ya huko sisi tutayajulia wapi?"

"Ndiyo hayo ninayosema," mzee akajibu.

Watu wakacheka. Wengine wakamwita kada wa chama tawala, jina ambalo mlimani mwaka ule halikuwa sifa. Baba mdogo akamwekea dau la mbuzi. Nami, ndugu msikilizaji, nililala usingizi mzuri usiku ule, nikiwa na hakika kwamba najua nani atakuwa Rais wa Tanzania.

Kwa wale ambao hawakuwapo au walikuwa wadogo, niwakumbushe hali ilivyokuwa. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Rais katika mfumo wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe mwaka 1992. Mrema, mtoto wa Kiraracha huko huko Marangu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliyejipatia jina kwa kuwapa wakosaji siku saba wajirekebishe. Mapema mwaka 1995 aliondoka serikalini na CCM, akaingia NCCR-Mageuzi na kuwa mgombea wake. Alikopita watu walilisukuma gari lake kwa mikono huku injini imezimwa. Upande wa pili alikuwapo Mkapa, mtu wa Masasi, asiyekuwa na makeke, lakini nyuma yake alisimama Mwalimu Nyerere, aliyezunguka nchi kumwombea kura.

Watu walipiga kura tarehe 29 Oktoba. Dar es Salaam mambo yakavurugika: vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa, na Tume ikaufuta uchaguzi wa majimbo yote 7 ya jiji na kuurudia tarehe 19 Novemba. Matokeo ya mwisho yalipotangazwa, Mkapa alikuwa na kura 4,026,422, yaani asilimia 61.8. Mrema alikuwa na 1,808,616, asilimia 27.8. Lipumba alipata asilimia 6.4 na Cheyo asilimia 4.

Nyumbani kwetu redio ilizimwa. Baba mdogo alisema maneno mawili tu: "Wameiba." Ushahidi wake ulikuwa nini? Daftari langu. Mbuzi hakutolewa. Meku wa Reli hakumdai, lakini tangu siku ile wale wawili hawakukaa tena benchi moja. Mzee alifariki miaka minane baadaye. Baba mdogo alikwenda mazishini, akashika sepeto kama wanaume wengine, akarudi nyumbani bila kusema neno.

Sisemi kwamba uchaguzi wa 1995 haukuwa na dosari. Yaliyotokea Dar es Salaam kila mtu aliyaona, na vyama vya upinzani vilidai kura zirudiwe nchi nzima. Anayetaka kuudai uchaguzi ule ana mengi ya kuuliza. Ninachosema ni kwamba daftari langu halikuwa ushahidi wa wizi. Lilikuwa ushahidi wa Marangu. Kwa kosa la kuchukua moja badala ya lingine, watu wawili waliopendana waliacha kusalimiana.

Hebu tuzitazame zile namba kwa utulivu ambao mwaka 1995 hatukuwa nao. Katika sensa ya 1988, Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama milioni 1.1, katika nchi yenye watu milioni 23. Huyo ni mtu mmoja katika kila watu ishirini. Mkoa wa Mwanza peke yake ulikuwa na karibu milioni 1.9, na Shinyanga zaidi ya milioni 1.7. Mkapa alimshinda Mrema kwa kura 2,217,806. Pengo hilo ni kama mara mbili ya watu wote waliohesabiwa Kilimanjaro mwaka 1988, tangu kikongwe wa Rombo hadi mtoto mchanga wa Machame. Hata mlima wote ungesimama kama mtu mmoja, usingeliziba.

Namba hizo hizo zinatuonyesha jambo jingine ambalo wengi hawakuliona. Kura za Mrema, milioni 1.8, zilikuwa nyingi kuliko watu wote wa Kilimanjaro. Maana yake ni kwamba kura zake nyingi zilitoka nje ya mlima. Hakuwa mgombea wa Wachaga tu, kama wapinzani wake walivyopenda kusema. Waliomdharau walikosea hesabu, na sisi tuliompandisha kwenye kiti kabla ya siku tulikosea hesabu, kila mmoja kwa upande wake.

Bungeni ilikuwa hivyo hivyo. CCM ilipata viti 186 vya majimbo, CUF 24, NCCR-Mageuzi 16, Chadema 3 na UDP 3. Viti vya CUF vilitoka Zanzibar, hasa Pemba. NCCR iling'ara hapa Kilimanjaro. Cheyo naye alikuwa na watu wake Bariadi. Kila chama cha upinzani kilikuwa na mlima wake, na juu ya mlima huo mtu akisimama haoni kitu kingine chochote.

Mtu atauliza: lakini baba mdogo hakutegemea Marangu peke yake, si alikuwa na habari za mikoani? Ni kweli, alikuwa nazo. Kaka zake walikuwa na maduka Kariakoo. Binamu alikuwa Arusha, shemeji Mwanza. Barua zilikuja, watu walikuja Krismasi, na wote walisema mambo ni Mrema tu. Lakini hao walikuwa ni nani? Walikuwa ni sisi wenyewe tuliokwenda kuishi mbali. Tulidhani tunaisikia Mwanza, kumbe tunaisikia Marangu iliyohamia Mwanza. Huu ndio mtego mbaya kuliko wote, maana mwenye kunaswa humo anaamini amefanya uchunguzi wa nchi nzima.

Cha ajabu, baba mdogo aliujua ukweli huu vizuri sana katika kazi yake. Mkulima alipoleta gunia la kahawa, yeye hakutazama ile ya juu na kuandika daraja. Alichoma gunia kwa bambo, juu, katikati na chini, kwa sababu alijua wapo wanaoweka kahawa nzuri mdomoni mwa gunia na yenye unyevu chini. Tena hakuchoma gunia la kwanza tu na kupitisha shehena nzima. Hakuhitaji kumwaga magunia yote sakafuni, kiganja kimoja kutoka kila mahali kilimtosha. Kura ya maoni inayofanywa kwa haki ni bambo, si zaidi ya hapo. Mimi nililichomeka bambo langu mara nyingi sana, ila katika gunia moja.

Hapa niweke sawa neno lenyewe, maana kwetu lina kazi mbili. CCM ilipozoea kuita "kura za maoni" zile za wanachama kuteua mgombea wa chama, watu wengi walishika maana hiyo. Mimi leo nazungumzia kule kuuliza watu wachache waliochaguliwa kwa utaratibu, ili kukisia watu wote watafanya nini siku ya uchaguzi.

Na nchi yetu ilikwisha kufanya jambo linalofanana na hilo kabla ya 1995. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi walitaka kirekebishwe. Asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na nadhani ilifanya busara. Lakini ile asilimia 80 ilikuwa imeandikwa, imechapishwa, na yeyote aliyetaka kukisia uchaguzi wa 1995 angeanzia hapo. Hapa mlimani nani aliikumbuka? Tuliona bendera za mageuzi kutoka Kiboroloni hadi Mwika, tukasema nchi imekwisha kugeuka.

Labda tulikuwa na mazoea ya zamani. Mlima huu uliwahi kujichagulia kiongozi wake kabla nchi haijawa na Rais. Mwaka 1951 Wachaga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na mwaka 1960 walipiga kura tena kukiacha cheo hicho na kufuata rais wa kuchaguliwa kwa vipindi, ndipo akaja Solomon Eliufoo. Katika chaguzi hizo, ukitaka kujua atakayeshinda ulikuwa unauliza Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, basi. Maoni ya mlima ndiyo yaliyokuwa matokeo. Mwaka 1995 mlima ulikuwa sehemu moja ya ishirini.

Kosa hili si la Wachaga peke yao. Marekani, nchi inayosifiwa kwa hesabu za uchaguzi, ilikuwa na Marangu yake. Jimbo la Maine, huko kaskazini mashariki, lilikuwa likichagua gavana wake mwezi Septemba, miezi miwili kabla ya taifa kuchagua Rais. Wanasiasa wakawa na msemo kwamba Maine inakoelekea ndiko taifa linakoelekea. Mwaka 1936 chama cha Republican kilishinda Maine mwezi Septemba, na wengi wakaamini Rais Franklin Roosevelt wa Democrat amekwisha. Jarida moja kubwa, Literary Digest, likatuma karatasi za maoni kwa watu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Hilo lilikuwa daftari kubwa kweli kweli. Likatangaza kwamba mgombea wa Republican, Alf Landon, atapata asilimia 57.

Siku ilipofika, Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kushinda majimbo 46 kati ya 48. Landon alibaki na mawili: Maine yenyewe na Vermont. Jarida lilikuwa limechukua majina mengi kutoka vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Na walioona haja ya kurudisha karatasi ni wale waliokuwa na hasira na serikali. Kijana mmoja aitwaye George Gallup, aliyeuliza watu wachache kuliko hao kwa mbali sana, alisema Roosevelt atashinda, kwa sababu alijaribu kuchoma kila aina ya gunia. Baada ya miaka miwili jarida lile lilikuwa limekufa.

Tangu hapo Wamarekani wamejifunza kukisia urais jimbo kwa jimbo, maana kwao Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za taifa. Kila jimbo lina idadi yake ya kura za wajumbe, jumla 538, na mwenye 270 ndiye Rais. Karibu kila jimbo humpa mshindi wake kura zote hizo. Kwa hiyo mkisiaji mwenye akili hukusanya kura za maoni za kila jimbo, huzipa uzito wa jimbo lenyewe, kisha hujumlisha. Nate Silver alifanya hivyo mwaka 2012 na kuyapatia majimbo yote 50. Watu wakadhani kitendawili kimeteguliwa.

Haukupita muda. Mwaka 2016 kura za maoni za taifa zilisema Hillary Clinton anaongoza kidogo, na kweli alipata kura nyingi kuliko Donald Trump, karibu milioni 3 zaidi. Lakini Trump ndiye aliyekuwa Rais. Alishinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa kura zisizofika 80,000 ukizijumlisha zote tatu. Kura za maoni za majimbo hayo zilikuwa zimekosea. Sababu moja iliyogunduliwa baadaye ni kwamba watafiti wengi hawakusawazisha kiwango cha elimu: wasomi hukubali kuhojiwa kwa urahisi, wasiosoma sana hukata simu, na mwaka ule makundi hayo mawili yalitofautiana sana. Bambo lilichoma magunia yote, lakini ndani ya kila gunia lilichota upande mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu utaratibu ni tofauti: kura ya Tarakea na kura ya Sengerema zina uzito ule ule, zote huingia kapu moja. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata asipofika nusu. Hivyo hatuhitaji kujua nani ameshinda mkoa gani. Tunahitaji kila mkoa uwemo katika sampuli kwa kadiri ya watu wake. Sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa bila upendeleo huweza kukosea takriban pointi 3 juu au chini, jambo linalovumilika. Lakini ukiwagawa hao 1,000 kwa mikoa 20 iliyokuwapo Bara mwaka 1995, unapata watu 50 kwa mkoa, na hapo kosa linaweza kufika pointi 14. Ndiyo maana ukisoma gazetini kwamba utafiti wa nchi nzima umegundua fulani anaongoza Kilimanjaro, tabasamu na ufungue ukurasa wa michezo.

Nasi tumekuwa na watafiti wetu. Mwaka 2010 mradi wa REDET wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulimpa Jakaya Kikwete asilimia 71 na Dk. Willibrod Slaa asilimia 12. Kampuni ya Synovate ilimpa Kikwete asilimia 61 na Slaa 16. Matokeo: Kikwete karibu asilimia 63, Slaa asilimia 27. Mwaka 2015 ikaja zamu ya Twaweza na mpango wake wa Sauti za Wananchi, uliogawa simu kwa watu waliochaguliwa kila pembe ya Bara na kuwapigia mara kwa mara. Mwezi Septemba walitangaza John Magufuli asilimia 65, Edward Lowassa asilimia 25. Ipsos ikasema 62 kwa 31.

Hapa Moshi tafiti hizo zilipokelewa kwa matusi. Lowassa, mtu wa Monduli aliyehamia Chadema na kuungwa mkono na Ukawa, alikuwa akijaza viwanja hadi watu wakauita umati wake mafuriko. Nilisimama katika mmoja wa mikutano ile na kinasa sauti mkononi, sikuona mwisho wa watu. Jioni nikapanda kijijini kumwona baba mdogo, sasa mzee wa mvi. Nikamweleza niliyoyaona. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Na Malampaka wanasemaje?"

Nilikosa jibu, ndugu msikilizaji. Miaka ishirini ya daftari lile, diploma ya uandishi wa habari juu yake, na bado nilikuwa nimekuja na hesabu ya gunia moja.

Matokeo ya 2015 yalikuwa Magufuli asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Watafiti walimpatia mshindi. Lakini pengo walilolitabiri, pointi 40 kwa Twaweza, likawa pointi 18 na nusu. Wote wawili, REDET mwaka 2010 na Twaweza mwaka 2015, walimpunja mpinzani mkuu kwa pointi kama 15. Zipo sababu zinazojulikana popote duniani: maswali huulizwa wiki nyingi kabla ya siku, wapo wasiojua bado, na wapo wanaojua lakini hawamwambii mtu wasiyemfahamu kwenye simu. Wale walioninong'oneza jina la Mkapa mwaka 1995 walikuwa wakiogopa majirani. Kwingineko kuna anayenong'ona kwa kumwogopa mjumbe wa nyumba kumi. Hofu ya aina yoyote huharibu bambo.

Hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe lilipo. Mwaka 2018 Twaweza walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua kuwataka wajieleze kuhusu kibali, na mkurugenzi wao akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwaka huo huo sheria ya takwimu ilibanwa, kisha ikalegezwa mwaka 2019. Wapo waliofurahi, wakisema hao watafiti ni waongo tu. Nadhani walifurahia jambo baya. Ukimnyang'anya karani bambo, kahawa haiwi bora. Unabaki na maneno ya mwenye gunia.

Na bila bambo, kila upande hurudi kwenye mlima wake. Mwenye madaraka anahesabu umati wa mikutano yake, mpinzani anahesabu wa kwake, na matokeo yakitoka hakuna kipimo cha tatu ambacho wote wawili walikuwa wamekiona kabla. Jirani zetu wa Kenya walilipia somo hili mwaka 2007. Kura za maoni zilionyesha Raila Odinga yuko mbele kidogo, akatangazwa Mwai Kibaki, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Kenya haikujibu kwa kuzima tafiti. Ilitunga sheria mwaka 2012 inayomtaka anayechapisha kura ya maoni aeleze nani ameigharamia, watu wangapi wameulizwa, na kwa njia gani. Hiyo ni dawa inayofaa ugonjwa.

Tarehe 29 Oktoba 2025 nchi yetu ilipiga kura siku ile ile ya mwezi kama 1995, miaka thelathini kamili baadaye. Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu, na Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Kulitokea ghasia na watu walikufa. Kura ya maoni hapo ingekuwa na kazi gani? Kukisia ni kazi ya mahali ambapo jibu halijulikani bado. Kwa hiyo, tunapodai tafiti huru, tunadai pia kwamba kuwe na kitu cha kutafiti.

Kwako wewe mnunuzi wa gazeti, hapa mjini Moshi au popote ulipo, naomba ufanye jambo dogo. Siku nyingine ukiona namba za kukisia uchaguzi, kabla hujashangilia wala kutukana, uliza: nani amelipia? Wameulizwa wangapi, na wamechaguliwaje? Wametoka wapi, na wapi hawakufika? Waliulizwa lini? Waliokataa kujibu ni wangapi? Ukikosa majibu, usiweke dau la mbuzi. Na ukiwa huna namba yoyote ila macho yako na simu za ndugu zako, kumbuka kwamba ndugu zako ni wewe.

Baba mdogo bado yupo, ingawa magoti hayamruhusu tena kushuka hadi barabarani. Krismasi iliyopita tulikaa naye chini ya migomba, tukazungumza habari za zamani. Nilimuuliza kuhusu yule mbuzi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba watoto wa Meku wa Reli bado wana kihamba pale pale, na kwamba deni la mzazi halifi.

Nilipoondoka, alikuwa akimwagiza mjukuu wake akaulize bei ya beberu Kiboroloni. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.